Mtani Aliyetusainia

Juzi jirani yangu mfuga kuku alishusha mashudu mbele ya nyumba yangu, hapa Nzuguni. Viroba vyenyewe vilikuwa vimechanika, na upepo wa Dodoma mnaujua, hauna adabu. Ukaichukua harufu ile, ukaipitisha mlangoni bila hodi, ukaiingiza mpaka jikoni nilikokuwa nachambua mchicha. Kwa asiyeyajua, mashudu ni makapi ya alizeti yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Harufu yake ni tamu na nzito, kama kitu kilichokaangwa kikasahauliwa kidogo motoni, na ikishakuingia kwenye nywele haitoki kwa kuoga mara moja. Jirani akaniona nimesimama, akasema, "Samahani, dada, yananuka, kesho nayahamisha." Nikamwambia hayanisumbui. Nilimdanganya. Nilifunga dirisha, nikakaa, na pale pale nikamkasirikia mtu aliyekwisha kufa, mtu niliyempenda sana.

Ninyi mliokua wakati wangu mnaikumbuka Dodoma ile, kabla wizara hazijahamia na kila mtu kuwa na mkutano. Nzuguni ilikuwa pori la miiba, ng'ombe na nyumba moja moja. Yetu ilikuwa ya tofali za udongo, bati zake zimewekewa mawe juu ili upepo usizichukue. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo baba ninayemkumbuka ni picha moja ukutani, amevaa suruali pana na hacheki. Tulikuwa watatu: mama, kaka yangu Ndahani, na mimi. Na kwa namna fulani tulikuwa wanne, kwa sababu kilikuwepo kiwanda.

Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya reli, cha kukamua alizeti. Mama alifanya kazi sehemu ya kupepeta, pamoja na wanawake wengi, wengine kutoka vijijini wanakuja msimu wa mavuno na kurudi. Walipepeta, wakachambua mawe na vijiti, wakashona magunia kwa sindano ndefu. Vumbi la alizeti liliwajaa puani na kifuani. Jioni mama alikohoa kwanza ndipo akatusalimia. Alikuwa kibarua. Alikuwa kibarua kabla sijazaliwa, na niliposoma darasa la tatu alikuwa bado kibarua, maana yake kila asubuhi anasimama getini pamoja na wenzake, msimamizi anatazama, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Akiumwa leo, kesho mahali pake pana mtu. Aliponizaa mimi alipoteza nafasi yake, akaanza upya getini na mimi nikiwa mgongoni. "Wewe ndiye uliyenifukuzisha kazi," alikuwa akiniambia, huku ananisuka, na ananivuta nywele kidogo ili nijue anatania.

Alichokitaka mama duniani kilikuwa kimoja. Kuandikwa kazi. Jina lake liwe kwenye kazi ile kama majina ya mafundi wa mashine, akiumwa awe ameumwa tu, asiwe amefukuzwa. Hakutaka gari wala ghorofa. Nawaambia hili mapema ili mjue kilichoibwa.

Sasa nimlete Mtani. Jina lake lilikuwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa mashine ya kukamua, mwajiriwa, na tena katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi pale kiwandani. Alikuwa mnene kiasi, ana pengo la jino la mbele, na baiskeli yake ililia kabla yeye hajafika. Jumapili watu wakitoka kanisani na yeye akiwa hana la kufanya, alipita kwetu. Alianzia matusi barabarani.

"Hodi! Wagogo mmo, au mmeshaenda kuomba mjini?"

"Tumo!" mama anajibu kutoka ndani. "Ila mpagazi hapiti mlango wa mbele. Zunguka nyuma ushushe mzigo."

"Niushushe wapi? Nyumba yenyewe nikiiegemea inalala."

"Egemea basi, ikuue, tupate nyama."

Mimi niliposikia hivyo mara za kwanza niliogopa kwelikweli. Nilidhani ni maadui. Nilidhani yule mtu alikuja kila Jumapili kumtukana mama yangu kwa sababu hatuna baba. Nilimpelekea chai uso umenuna, nikaiweka mbali naye ili ainuke kuifuata. Kilichonichanganya ni kwamba mama alimpa kiti kizuri, kile cha mgongo, na sukari alimwekea bila kupima. Nikamuuliza Ndahani kwa nini mama anamnywesha chai adui. Ndahani alicheka mpaka akakaa chini. "Ni mtani, mjinga wewe. Sisi na Wanyamwezi ni watani."

Ndipo nikaelezwa. Kwamba zamani Wanyamwezi walipita Ugogo na misafara yao, wamebeba mizigo, wana kiu, na babu zetu wakawatoza kwa kila kata ya maji. Wakapigana, wakachoka, wakawa watani. Tangu hapo Mgogo na Mnyamwezi wanaambiana lolote, wanachukuliana vitu, wanazuiliana hata maiti, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mtani anaweza kukwambia ukweli ambao ndugu yako ataogopa kuutamka, na wewe ukacheka. Toka siku hiyo nikampenda. Nikamwita Mtani kana kwamba ndilo jina alilobatizwa, naye akaniita Kagogo, na akaniwekea karanga mfukoni mwa ovaroli yake, zina harufu ya grisi. Nilizila hivyo hivyo.

Mgomo ulianzia kwetu, nje, kwenye mikeka. Wanawake wa kupepeta walikuwa wamejaa uwanja, na Mtani ameletewa kile kiti cha mgongo katikati yao. Mafundi walikuwa wanataka mkataba wa hali bora, ndivyo unavyoitwa ule mkataba ambao chama kinasaini na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote. Mimi nikadhani ni kitu kitakachokuja na gari. Nikamwambia rafiki yangu kwamba hali bora ikiletwa, yetu tutaiweka chumbani kwa mama. Ila mafundi walikuwa wachache. Mashine zikizimwa na mafundi, mwajiri angeweza kukodi mafundi wengine. Lakini mafundi wakizima na wanawake wakikaa chini, msimu mzima wa alizeti ungeozea uani. Kwa hiyo Mtani alikuja kuomba wanawake wagome.

Mama Sofia, jirani yetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisimama. Yeye na mama walikuwa kama pua na mdomo.

"Tukigoma sisi, kesho tunabadilishwa. Ninyi mna barua za ajira. Sisi tuna nini? Mkishapata yenu mtatukumbuka?"

Mtani hakutania siku hiyo. Alivua kofia. "Mama Sofia, hatusaini bila ninyi. Kibarua aliyekaa misimu yote hii anaandikwa, la sivyo kalamu siishiki. Ama sote ama hakuna."

Wanawake wakatazamana. Mama Sofia akamgeukia mama. "Wewe ndiye unayemjua. Unasemaje?"

Mama akasema, "Huyu namdhamini mimi. Ni mpagazi, ana pengo, anakula kama ng'ombe, lakini hajawahi kunidanganya." Wakacheka, na kicheko kikawa ndiyo kura. Walimchagua mama kuwa msemaji wao hapo hapo.

Naomba mnisamehe, lakini mgomo kwangu ulikuwa raha. Shule zilikuwa zimefungwa, na kila asubuhi tulikwenda na mama getini, tukakaa chini ya miti ya miiba na wanawake wote kama wako kwenye sherehe. Kulikuwa na baridi ile ya kiangazi inayokausha midomo. Waliimba, wakapika uji kwenye sufuria moja kubwa, wakasukana. Kiwanda kilikuwa kimya, na kimya chake kilinishangaza, maana nilikuwa sijawahi kuijua sauti yake mpaka ilipokosekana. Ile harufu nayo ikawa inapungua. Mafundi walikaa upande wa pili, na Mtani akapita kati ya pande mbili akitukana kila mtu ili asikate tamaa. "Wagogo kwa kukaa chini mnaweza! Hii ndiyo kazi mliyoumbiwa!" Wanawake wakamrushia mawe madogo, yeye anakimbia na tumbo lake. Sikuwahi kumwona mama ana nguvu vile. Hata kikohozi kilipungua.

Lakini siku zilienda. Unga ukaanza kuisha nyumbani kwa watu, na uji wa sufuria ukawa mwepesi. Bwana Kazi, yule afisa wa serikali wa mambo ya kazi, akawa anakuja na gari lake, anaingia ofisini kwa meneja, anaitwa Mtani, wanakaa humo hadi jua linapinda. Mtani akitoka alikuwa amepungua utani. Mama alimuuliza, "Wanasemaje?" Akajibu, "Wanasema watafunga kiwanda." Mama akasema, "Wafunge, wakakamue matope." Mtani akacheka nusu.

Ndipo bibi akafariki. Alikuwa mama mzazi wa mama, akiishi kijijini upande wa Mvumi, mwanamke mdogo mweusi aliyenuka moshi na maziwa mgando. Alilala mzima akaamka hayupo. Wanawake wa mgomo hawakuwa na nauli, hakuja hata mmoja. Alikuja Mtani, pamoja na mafundi wawili wa kiwandani, na walisaidia kuchimba, kwa sababu ardhi ya kule wakati ule ilikuwa ngumu, jembe linaruka. Mama hakula tangu apokee habari. Hakulia pia. Alikaa akitazama mbele, na shangazi zake wakawa wananong'ona kwamba si vizuri, mtu lazima alie, kilio kikibaki ndani kinageuka ugonjwa.

Tulifika makaburini, jeneza liko mabegani mwa watu, wanaimba. Na Mtani akaruka ndani ya kaburi.

Mnaojua misiba yetu hamshangai. Mtani ana haki hiyo. Alijilaza chali mle ndani, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. "Hapa pameshachukuliwa!" akapiga kelele kutoka chini. "Huyu bibi arudi nyumbani akapike mlenda, mimi nimechoka na dunia!" Wazee wakamwambia atoke. Akakataa. Wakamwahidi kuku. "Kuku mmoja? Mimi nimezoea mizigo mizito!" Watu wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, na mchungaji akajificha uso kwa kitabu chake. Mama alikuwa amesimama ukingoni, kanga kichwani, amenishika bega. Mtani akafumbua macho akamtazama.

"We Mgogo! Sitoki mpaka unipe ruhusa. Sema Maganga asaini peke yake! Mgomo uishe, sisi mafundi tukale nyama, ninyi mbaki na ubuyu wenu!"

Kisha nikasikia kitu kinatetemeka begani kwangu, mkono wa mama. Alikuwa anacheka. Kicheko kilimjia kutoka tumboni, kikamkunja.

"Saini!" akapiga kelele. "Saini hata kwa kidole cha mguu, mpagazi we! Toka tumzike mama yangu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mafundi wale wawili wakamvuta Mtani juu, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na bibi akateremshwa huku watu bado wanajifuta macho. Mimi nilimwona Mtani shujaa. Shangazi wote walishindwa kumrudisha mama kwetu, yeye amemrudisha kwa kulala shimoni. Usiku ule mama alikula.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ameshapanga wakati amelala mle ndani, au wazo lilimjia baadaye, ofisini, walipombana. Nimejiuliza hilo nikiwa nafua, nikiwa kazini, nikiwa kanisani. Kama alipanga, alikuwa mchawi. Kama lilimjia baadaye, basi alilitazama kaburi la bibi yangu akaona mlango wa kutokea. Sijui lipi ni afadhali.

Muda mfupi baadaye tukaambiwa mkataba umefikiwa. Wanawake walivaa vitenge vyao vya sikukuu. Mama alinipaka mafuta mpaka nikang'aa. Getini tulipokewa na harufu ya pilau, na kreti za soda zilikuwa zimepangwa kivulini. Mafundi waliitwa mmoja mmoja wakaingia kukaa kwenye viti. Wanawake wakaambiwa wasubiri nje kidogo. Walisubiri wakiimba. Bwana Kazi akashika kipaza sauti akasoma: likizo, matibabu, mafuta ya kupikia kila mwezi, kwa wafanyakazi wote wa kudumu. Akamaliza. Makofi yakapigwa ndani.

Nje, nyimbo zilikatika. Mama Sofia akaipaza sauti yake ya ng'ombe. "Na sisi?"

Bwana Kazi akatazama karatasi, kisha akamtazama Mtani. Mtani alisimama. Alikuwa amevaa shati jeupe, na sijawahi kumwona na shati jeupe kabla ya hapo.

"Msemaji wenu aliridhia," alisema kwenye kipaza sauti. "Mama Ndahani mwenyewe alinipa ruhusa nisaini peke yangu. Mbele ya watu. Hawa mafundi wawili walisikia."

Mafundi wale wawili wakaitikia kwa vichwa, wanatazama chini.

Na mimi, mtoto, mnajua nilifanya nini? Nilijivuna. Mama yangu ametajwa kwenye spika! Nikamvuta mkono nimwoneshe kwamba nimesikia. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Ule ulikuwa utani!" mama akasema. Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi arudie. "Ulikuwa utani. Alikuwa kaburini!"

"Mama," Bwana Kazi akauliza, "ulisema au hukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi, mama."

Alijua. Huyo Bwana Kazi alikuwa mtu wa nchi hii, naye ana watani wake, na aliyasema maneno yale akijikuna shingo. Meneja alijua. Mafundi walijua. Hapakuwa na mtu mzima hata mmoja pale asiyejua kwamba la utani halishikwi, ila siku hiyo iliwafaa wasijue. Na mama akimkasirikia mtani wake mbele ya watu, yeye ndiye atakayeonekana hana akili. Alifungwa kwa kamba yetu wenyewe.

Lakini lililomvunja halikuwa hilo. Wanawake hawakuwa wamekuja msibani, hawakuwa na nauli. Wao walichosikia ni mama anakubali kwamba alisema. Waligeuka wote wakamtazama, na Mama Sofia alimtazama kuliko wote. "Namdhamini mimi," Mama Sofia akasema, akiiga sauti ya mama, halafu akatema mate pembeni akaondoka. Wakaondoka wote, na vitenge vyao.

Msimu uliofuata siku zake zilikuwa ndefu kwetu. Msimamizi hakumnyooshea mama kidole tena, akawa anauza maandazi barabarani. Wanawake walipita hawanunui. Kisimani walinyamaza akifika. Ilisemwa kwamba alipewa madumu ya mafuta ya alizeti ili akubali, na kwamba ameyafukia chini ya kitanda. Sofia, rafiki yangu, alikatazwa kucheza na mimi, akawa ananionesha mdoli wake kwa mbali, juu ya ua. Mama hakujitetea. Atajitetea vipi? Akisema ulikuwa utani, watamwambia ndiyo, wewe na mtani wako mlipanga, mkacheka, na sasa mnaendelea kucheka. Ndivyo walivyoamini, kwamba wawili wale wanawacheka wao wote.

Kisha Jumapili moja nikasikia baiskeli. Niliijua sauti yake nikatoka mbio. Mtani alikuwa amefunga dumu la mafuta nyuma, lile la mkataba wao. Alikuwa amepungua mwili. Alisimama pale anaposimama siku zote, akavuta pumzi.

"Hodi! Wagogo mmo, au mmeenda kuomba?"

Mama alitoka. Alikuwa amejifunga kanga vizuri. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Maganga. Karibu sana."

Mtani alibaki mdomo wazi, pengo lote nje. Mama akamletea kiti, akakifuta vumbi kwa kanga. Akamletea maji kwenye bilauri, juu ya sahani, kwa mikono miwili. Akamuuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kazi. Nilistaajabu. Mama alikuwa na adabu kuliko mke wa mchungaji.

"Mtani," akasema yeye, "nimekuletea mafuta."

"Asante, mzee wangu. Mungu akuzidishie. Lakini hayo ni ya watoto wako."

"We Mgogo! Tangu lini Mgogo akakataa cha bure?"

"Kweli, mzee wangu," mama akajibu taratibu.

Mtani aliweka bilauri chini. "Wangefunga kiwanda. Nina watoto sita, unawajua kwa majina. Wangefunga." Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za mvua. Mtani akashuka kwenye kiti, akachuchumaa mbele yake, mwanaume mzima. "Nitukane basi. Niambie lolote. Nitukane, mtani wangu, nakuomba."

"Siwezi kumtukana mkubwa wangu," mama akasema. "Karibu tena, Bwana Maganga. Wasalimie nyumbani."

Alisukuma baiskeli mpaka barabarani, hakuipanda. Dumu lilikuwa linagonga gonga nyuma. Na mimi nilifurahi! Nilifurahi mno. Matusi yamekwisha, nikajiambia, wamepatana, sasa kila kitu kitarudi. Nikakimbia mpaka kwa Mama Sofia, ambako nilikuwa nimekatazwa, nikamkuta anafua. Nikamwambia mama na Mtani wamepatana, nikamuuliza kama sasa ananiruhusu nicheze na Sofia.

"Wamepatana vipi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mama amemwamkia. Amempigia goti. Amemwita Bwana Maganga, na amemletea maji kwenye sahani."

Mikono ya Mama Sofia ikasimama ndani ya povu. "Hakumtukana?"

"Hata kidogo! Yeye ndiye aliyeomba atukanwe, mama akakataa."

Aliinuka. Hakujifuta mikono, hakuvaa ndala. Alitembea mbele yangu kwa miguu ile mirefu mpaka kwetu, povu linamdondoka kwenye vidole, akamkuta mama bado amekaa chini karibu na kiti kitupu. Akasimama mlangoni, na sauti yake ile ikatoka ndogo. "Mwenzangu, nisamehe. Nilidhani mnacheka."

Mama akatazama juu. "Alinichekesha, Mama Sofia," akasema. "Mama yangu yuko mabegani mwa watu, na mimi nacheka. Nilidhani ananibebea msiba. Sikumlilia mama yangu, nilicheka, nikaona kicheko kimetosha."

Na hapo ikamtoka sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia, "Mama! Mama wee!", akaanguka miguuni kwa Mama Sofia. Majirani wa upande wa juu waliisikia. Wakaja wale wanawake mmoja mmoja, kanga kichwani, wanatembea haraka kama watu wanavyokwenda msibani, na kila aliyefika uani akauliza nani amefariki. Mama Sofia akawajibu, amemkumbatia.

"Mama yake."

"Si alishazikwa, kule Mvumi?"

"Alizikwa," Mama Sofia akasema. "Leo ndiyo analiliwa."